Simu ya Mama Disko

Nyumbani,
chumba cha mbele, mezani karibu na dirisha.
Jumapili, 8 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Memori,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, wewe na mkeo na huyo mtoto ambaye bibi yake hajapata kumbeba. Mgongo unaendeleaje? Mkeo aliniambia kazi ya kushusha makabati kwenye ghala la samani imeanza kukukaa kiunoni. Usijifanye trekta. Kuna watu wawili hapo nyumbani wanaokuhitaji ukiwa umesimama wima. Na mtoto je, ameshaota meno? Na mkeo amepona kile kikohozi? Nijibu swali kwa swali, maana hii ni barua, na barua ina adabu yake.

Mimi ni mzima, ila sauti imenikauka. Sababu utaikuta huko chini, na ukiicheka nitajua hata kama uko mbali. Shangazi hajambo, bado anasema atakufa mwaka huu, kama alivyosema mwaka jana na mwaka juzi. Kibanda kipo, na mashine ya fotokopi inaendelea kutafuna karatasi za watu kila mvua ikikaribia.

Mama anakula, analala, anagombana na majirani. Mwili una nguvu. Lakini macho, mdogo wangu. Mama haoni. Kama umesimama, kaa chini, kisha uendelee kusoma.

Jicho la kushoto limekwisha kabisa. La kulia limebakiwa na mwanga kidogo, kiasi cha kujua dirisha liko upande gani. Daktari wa macho amesema ni presha ya macho, imemla polepole kwa miaka, na kwamba jicho la kulia likifanyiwa upasuaji mapema mwezi ujao linaweza kumfaa siku zake zote. Likiachwa, litamfuata mwenzake. Nafasi tumeipata kwa kusukumana sana. Mama amekataa. Anasema hapandi kitanda cha upasuaji mpaka jambo fulani liishe, na jambo hilo ni wewe.

Usikimbilie simu. Soma mpaka mwisho kwanza, maana ukipiga kabla ya kuelewa utaharibu kila kitu.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu kama mtu wa enzi za babu. Mama aliniapisha. Alinikamata kifundo cha mkono, akasema nisikupigie, nisikutumie ujumbe, wala nisimtume mtu akupigie. Barua hakuitaja, na mimi sikumkumbusha. Anayekuletea ni nesi, yule binti wa fundi viatu, ambaye anafanya kazi mji mmoja na wewe. Anaondoka kesho asubuhi, na mwisho wa mwezi anarudi tena huku kumchukua mwanawe. Kwa hiyo ana mikono ya kwenda na mikono ya kurudi, na yote miwili naitaka.

Sasa nisikilize. Ili ujue Mama alipotelea wapi, inabidi nikurudishe kibandani.

Unakumbuka simu zilivyokuwa zinalia tu, ti-ti-ti, kama kifaranga aliyeachwa na mama yake? Halafu zikaja zile za muziki. Spika mbili mgongoni, kadi ya memori ndogo kama ukucha, na ubavuni vitufe vitatu: nyuma, cheza, mbele. Uzuri wake ulikuwa hapo. Mtu hakuhitaji kutazama. Simu iko mfukoni, kidole gumba kinaingia, wimbo unabadilika, na mwenyewe anaendelea kuongea na wewe kama vile hakufanya kitu. Vijana walizining'iniza shingoni kwa kamba, hata wasiokuwa na mtu wa kumpigia.

Nawe ukawa mfalme. Ile kompyuta yako yenye feni ya kunguruma ililisha mtaa mzima. Watu walileta kadi wamezifunga kwenye kona ya leso, wengine mdomoni kabisa, na wewe ukiifuta kwa shati huku umekunja uso. Mafolda uliyaita majina ya ajabu: Za Kufulia, Za Kulia, Za Kumsahau Yule. Mtu akifika tu ulikuwa unamtazama usoni, unamjazia folda kabla hajasema. Bibi harusi mmoja ulimjazia Za Kumsahau Yule, nusura tupigwe mawe. Ndipo wakakuita Memori, na jina alilokupa baba likabaki kwenye vyeti.

Msimu ule ulinunua simu mbili pacha, yenye mstari mwekundu yako, yenye mstari wa buluu ya Mama. Mama alilalamika kutwa nzima kwamba hujui thamani ya fedha, kisha jioni tukamkuta amelala nayo kifuani, spika zinaimba. Ulimjazia folda moja tu, ukasema hii ndiyo bora kuliko zote, asichanganywe na mengine. Iweke hiyo akilini, nitairudia.

Aliye juu, mngoje chini. Zilianza kuja zile za bandia zenye spika sita, ukiiweka mezani vikombe vinatembea, na betri haifiki jioni. Kisha zikaja simu za kupangusa. Mara muziki ukawa unatoka hewani, mtu hahitaji kadi wala hakuhitaji wewe. Tundu la kadi likaanza kupotea, likafuata tundu la spika za masikioni, na vile vitufe vya ubavuni vikaondoka bila kuagwa na mtu. Wateja wako walipungua kama nywele za kinyozi jirani yetu. Yule wa mwisho nakumbuka alikuwa mlinzi mzee. Alitaka wimbo mmoja, na ulipomtazamia kwenye kadi yake, ukakuta anao tayari. Alitaka tu kukaa kidogo kibandani kama zamani.

Wewe ukaenda kutafuta riziki mbali, mimi nikabaki na kibanda, nikakigeuza cha fotokopi na picha za pasipoti. Sasa wananiita Fotokopi. Familia yetu haina bahati na majina.

Mama peke yake ndiye hakuacha. Simu ya mstari wa buluu iliimba asubuhi, mchana na jioni. Akienda bombani anaiacha kizingitini inaimba. Akienda bafuni, iko kizingitini inaimba. Akianika nguo, inaimba. Watoto wa mtaa wakampa jina la Mama Disko, na yeye hakukasirika. Mimi ndiye nilikasirika. Mara ngapi nilimwambia, "Mama, si uichukue uende nayo, kuliko kutupigia makelele sote?" Akawa ananijibu, "Iache hapo hapo. Nikiwa nayo mkononi itanisaidia nini?" Nikadhani ni ukaidi wa uzee.

Na mengine yalikuwepo, tukayacheka. Aliacha kushona, akasema amechoka na nguo za watu. Maharage alichambua kwa vidole huku uso ameuelekeza ukutani. Watu alianza kuwapita bila salamu mpaka waseme wao kwanza. Yule jirani mfuga kuku alinuna mwaka mzima, akitangaza kwamba Mama ana mtoto nje ya nchi, sasa haoni watu. Maskini, alikuwa anasema kweli bila kujua.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wetu aliumbuliwa na betri.

Ilikuwa alasiri, jua bado kali. Mama alikuwa bombani, pale karibu na lango, na simu yake kizingitini kama kawaida. Betri ilikuwa imevimba siku nyingi mpaka kifuniko hakifungi, amekikaza kwa mpira wa nywele. Katikati ya wimbo, ikazima. Sasa ikumbuke ile folda. Folda uliyomjazia Mama ndiyo hiyo hiyo uliyomjazia kinyozi, kwa mpangilio ule ule, maana kwako bora ni bora. Na kinyozi mpaka leo anapiga kadi ile ile kwenye spika yake kubwa, ng'ambo ya barabara, mlango wa pili kutoka kibandani. Mama alisimama na ndoo yake, akasubiri. Simu ilikuwa na tabia ya kukwama kisha ikaendelea. Na kweli ikaendelea, ila upande mwingine. Anasema ulikuwa wimbo ule ule unaofuata. Akageuka, akaufuata.

Mimi nilikuwa kibandani namkatia mtu picha za pasipoti. Nikainua macho, nikamwona Mama anatoka langoni na ndoo ya maji, anakuja moja kwa moja kwangu, ametulia kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Nikafurahi. Nikasema leo ameamua kunitembelea. Nikampungia mkono. Alinitazama usoni kabisa asinipungie, nikajisemea, haya, leo nimemkosea nini tena?

Memori, ile barabara sasa yanapita malori ya mchanga. Nilisikia breki kabla sijaliona lori. Lilisimama karibu naye kiasi kwamba maji ya ndoo yalirukia bampa. Dereva aliruka chini anafoka, "Mama! Huoni?"

Na Mama, ambaye hajawahi kumkubalia mtu kitu chochote mbele za watu, akasema polepole, "Sioni, mwanangu." Kisha akauliza, "Kwani mlango wangu uko wapi?"

Nilikuwa nimeshafika. Nilimshika, naye akaning'ang'ania mkono kama mtoto siku ya kwanza shuleni. Kinyozi alizima spika. Tangu siku hiyo hapigi nyimbo zile mpaka atokeze kichwa kwanza aone Mama amekaa. Siku nyingine ananyoa watu kimya kimya kutwa nzima, na wateja wanalalamika.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa, mdogo wangu. Sisi tulidhani anacheza muziki, kumbe alikuwa anatembea. Aliiwasha kizingitini ili arudi nyumbani kwa kusikia. Miaka yote hiyo nyimbo zako zilikuwa zinamshika mkono na sisi tunampigia kelele apunguze sauti. Nikilifikiria hilo nataka kujipiga kofi.

Nilikimbilia kwa fundi simu. Betri ilikuwa imesukuma ubao wa ndani mpaka ukapasuka. Kadi ni nzima, nyimbo zote zipo, lakini mwili umekufa, na betri za aina ile hazitengenezwi tena. Zilizobaki madukani zimevimba zikiwa ndani ya maboksi. Fundi mwenyewe ni kijana mwema, aliishika kama mtu anayeshika kitu cha makumbusho. Alisema, "Dada, hii hata nikikupa ya kufanana nayo, haifanani."

Nikamletea redio. Siku ya kwanza ilifaa. Siku ya pili mfuga kuku naye akafungua kituo hicho hicho, na Mama nikamkuta amesimama kwenye banda la kuku, anapapasa wavu akitafuta kitasa. Redio ni ya watu wote, alisema, haimjui mwenyewe. Nikamletea simu ndogo ya tochi. Kuufikia wimbo mmoja lazima upite kurasa nne kwa macho. Nikamwambia hata zile za kupangusa zinaweza kusoma maandishi kwa sauti, akaniambia hataki kioo kinachomsema.

Hapo ndipo nikaanza kuwaza juu ya ile uliyomtumia wewe.

Unaikumbuka? Nyembamba, inang'aa, kioo juu mpaka chini. Laini yake ikahamishiwa humo kama ulivyoagiza, ya mstari wa buluu ikabaki ya nyimbo tu. Ukapiga, akakukata. Ukapiga tena, akakukata. Ukapiga siku mtoto wako alipozaliwa, akakukata. Mwishoni ukaniandikia: Mama akiwa tayari kuongea na mimi, atanitafuta. Tangu hapo nikikutajia Mama unanyamaza, na Mama nikimtajia wewe anasema ile simu haina adabu. Nami nikasema nyote wawili ni vichwa vigumu, mbuzi na mwanawe, nikawaacha.

Juzi nilifanya jambo. Nilisimama uani, mlango wake ukiwa wazi, nikaipigia ile simu ya kioo. Ikalia kabatini. Mama aliinuka haraka, uso umemchangamka, akaitoa. Anaihifadhi ndani ya kitambaa cheupe, imekunjwa vizuri kama nguo ya sikukuu, na huwa anaiomba nimchajie kila mara, nami sikuwahi kujiuliza kwa ajili ya nini. Akaishika kwa mikono miwili. Akapapasa kioo kizima, juu, chini, pembeni. Lile duara la kijani la kuburuta alilipita kwa kidole mara kadhaa bila kulijua, maana halishikiki. Mwisho kidole gumba chake kikaenda ubavuni, pale pale kilipozoea, kikakuta kitufe pekee kilichopo. Akakibonyeza, mlio ukanyamaza. Akabonyeza tena, simu ikakata.

Akaiweka sikioni. Akasema, "Haloo? Baba? Haloo?" Alingoja kidogo. Kisha akaikunja tena kwenye kitambaa, akairudisha kabatini.

Anakuita Baba, kama zamani. Sikumwambia kwamba nilikuwa namtazama. Nilienda nyuma ya bafu nikalia huko.

Nilipomwuliza baadaye juu ya upasuaji, nilitumia hila zote. Nilimwambia daktari huyu ni hodari. Akasema hodari akajipasue mwenyewe. Nikamwambia atamwona mjukuu. Akasema, "Nina mtoto ameninunia. Nikifa kwenye kile kitanda, nitamwacha na kinyongo chake. Nikipona, nitafungua macho nimkute bado amenuna. Kwanza hilo." Nikasema basi tumpigie sasa hivi kwa simu yangu. Hapo ndipo aliponikamata mkono na kuniapisha. "Asinipigie kwa sababu ya macho," alisema. "Akipiga, apige kwa sababu mimi ni mama yake."

Sasa umeelewa kwa nini nilikuambia usikimbilie simu.

Na sauti yangu imekauka kwa sababu hii. Kwa kuwa mashine zote zimeshindwa, mlangoni sasa ni mimi. Kila Mama akitoka, nasimama kizingitini naimba. Ndiyo, mimi, niliyefukuzwa kwaya ya shule. Naimba ile folda yako kuanzia wimbo wa kwanza, na maneno nisiyoyajua natia yangu. Watoto wanakuja kutazama. Mfuga kuku amesema kuku wake wameacha kutaga. Mama akifika mlangoni ananigusa bega na kusema, "Umepotoka sauti, lakini nimefika." Nikiwa kibandani hatoki kabisa. Anakaa kitandani mpaka nirudi, yeye aliyekuwa hakaliki. Hilo linaniuma kuliko hata barabara.

Basi nataka vitu viwili kutoka kwako.

Cha kwanza, ile pacha ya mstari mwekundu. Usiniambie umeitupa. Mkeo alishanidokeza kwamba unaihifadhi kwenye droo ya soksi, kwamba kila ukihama ndiyo ya kwanza kufungwa, na kwamba betri yake unaitoa na kuiweka kando isivimbe. Nilicheka siku ile. Leo namshukuru Mungu kwa ujinga wako. Mpe nesi, pamoja na chaja yake, maana pini yake huku haipatikani hata kwa dawa. Tutaitia kadi ya Mama. Vitufe viko pale pale, kidole chake kitavijua.

Cha pili, sauti yako. Usipige kwenye ile ya kioo, utamtesa. Piga kwangu, Jumapili ijayo, alasiri kama saa hizi, nitakuwa nyumbani. Nitaiweka simu kizingitini, sauti juu kabisa, na Mama atakuwa bombani. Wewe mwite tu, kama ulivyokuwa unamwita ukitoka shule na njaa yako, kelele kutoka langoni. Endelea kumwita mpaka nikuambie amefika. Usitaje macho. Hujui lolote, hujapata barua yoyote, umemkumbuka tu mama yako. Ukitaka kulia, lia Jumatatu.

Mdogo wangu, nimekuwa nikikutania tangu mwanzo wa barua hii kwa sababu nikiacha kutania naogopa. Naogopa sana. Tarehe ya daktari haitusubiri, na foleni ya wanaoitaka nafasi ile ni ndefu. Akiikosa, sijui atapata lini nyingine, na jicho halisikilizi udhuru wa mtu. Sitaki tuje kukaa siku moja, wewe na mimi, tukisema laiti. Mpigie.

Mkumbatie mkeo kwa niaba yangu. Mwambie siri ya droo nimeitoa kwa shida na anisamehe. Mbusu mtoto shavuni, kote kuwili. Shangazi anakusalimu, anasema uje umzike. Kinyozi anakusalimu kwa unyenyekevu mkubwa. Mfuga kuku naye, tangu ajue ukweli, analeta mayai kila asubuhi na kujitambulisha jina kabla hajavuka lango.

Mungu akulinde uendako na urudiko, autie nguvu mgongo wako, na asikubali kiburi kitutenganishe na waliotuzaa.

Wako akupendaye hata usipojibu ujumbe wake,
Dada yako,
Fotokopi.

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha Mama akaingia, amepapasa ukuta mpaka mezani. Akauliza namwandikia nani tangu mchana. Nikamwambia watu wa maji, kuhusu lile bomba linalovuja. Akasema, "Watu wa maji hawaandikiwi kwa makamasi." Akaitafuta meza kwa kiganja, akaigusa karatasi, akaipapasa yote kuanzia juu mpaka chini kama anavyopapasa kile kioo. Nilidhani ataichana. Badala yake alivuta kiti, akakaa, akataka nimsomee yote, nami nikamsomea.

Kwa hiyo yale niliyokuandikia kwamba ujifanye hujui, yafute. Amekubali ujue. Ameniambia nikuandikie maneno mawili tu, na amesimamia mpaka niyaandike, na sasa amenitaka nimsomee na hayo kwa sauti ili ahakikishe sikuyabadilisha:

"Mwambie sikumkatia."